Teotihuacan au Cantona? Miji miwili ya biashara ya kale Meksiko, na upi uende ukiwa na siku moja tu

Wadau, kila nikisema nimezunguka magofu ya Meksiko naulizwa swali lilelile, twende wapi, na wengi jina wanalolijua ni Chichen Itza basi. Leo naweka mezani miji mingine miwili, Teotihuacan na Cantona, yote ya nyanda za juu katikati ya nchi, yote ilitajirika kwa jiwe lilelile, ila mmoja unajulikana dunia nzima na mwingine hata Wameksiko kibao hawajawahi kuukanyaga. Nimefika yote, Teotihuacan mara mbili na Cantona mara moja.

Jiwe lenyewe ni obsidiani, yaani kioo cha volkano, jeusi, linang'aa, ukilipasua vizuri linatoa makali kushinda wembe. Sisi wa Afrika Mashariki si geni kwetu, nenda Hell's Gate pale Naivasha au mlima Eburru utaliona limelala chini, watu wa kale wa Bonde la Ufa walilitumia maelfu ya miaka. Kule Meksiko visu, ncha za mikuki, vya kunyolea, vya kukatia ngozi, vyote vilitoka humo maana chuma hawakuwa nacho. Halafu hawakuwa na punda wala ngamia wala mkokoteni, mzigo wote ulisafiri mgongoni mwa wapagazi, kamba pana imepita kwenye paji la uso kama mama zetu wa Kivu na wa Mlima Kenya wanavyobeba kuni mpaka leo. Sasa fikiria mpagazi anatembea wiki nzima, abebe nini kitakachomlipa? Kitu kidogo chenye bei. Obsidiani ilikuwa hivyo, na manyoya ya ndege, na kakao, na jiwe la jade.

Niseme msimamo wangu mapema ili usinisome ukijiuliza. Kama hujawahi kwenda Meksiko na una siku moja tu ukiwa Mexico City, nenda Teotihuacan, usihangaike. Ila kama unachokitaka ni kuuona mji wa biashara wenyewe, watu waliingilia wapi, walipita njia gani, nani aliwachunga, Cantona inakupa vingi zaidi, na mimi moyo wangu umebaki Cantona.

Kufika

Hapa Teotihuacan inashinda kwa mbali, hakuna ubishi. Iko kama kilomita 50 kaskazini mashariki ya Mexico City, unapanda metro laini namba 5 unashuka kituo cha Autobuses del Norte, ukitoka tu stendi ya mabasi hiyo hapo, unatafuta dirisha lenye basi la "Pirámides", saa moja hivi umefika. Kuwa makini na hilo neno, sema Pirámides, maana ukisema Teotihuacan tu unaweza kupandishwa basi la mjini San Juan Teotihuacán halafu uanze kutafuta usafiri mwingine. Na mtu akikufuata nje ya stendi akakwambia leo mabasi hayaendi, twende na teksi yangu, mpite tu. Mimi mara ya kwanza nilimsikiliza mmoja, nikalipa hela ya kuniuma, na njiani tukapitwa na basi lenyewe.

Cantona ni habari nyingine. Iko jimbo la Puebla, upande wa kuelekea Veracruz, kilomita 200 hivi kutoka Mexico City, na basi la kukushusha getini toka mji mkuu halipo. Nilichofanya mimi nililala mji wa Puebla, ambao wenyewe ni mzuri na una chakula kitamu mno, asubuhi nikakodi gari na dereva. Ukiwa watu wanne mkichanga inakuwa nafuu. Kwa usafiri wa umma inawezekana ila ni kuungaunga mabasi na vidaladala vya vijijini, na kurudi ndo kazi maana ukikosa cha jioni umelala huko. Usiendeshe usiku barabara zile, hata wenyeji waliniambia hivyohivyo, ondokeni jua lingali juu.

Habari ya viza kidogo kwa sababu naulizwa sana: ukiwa na viza hai ya Marekani au grinkadi unaingia Meksiko kutalii bila viza yao, hata kama pasi yako ni ya Tanzania au Kenya, na wenye ukazi wa kudumu Kanada, Uingereza au nchi za Schengen hivyohivyo. Cheki na ubalozi wao kabla hujakata tiketi, sheria za viza hubadilika.

Unachokiona ukiingia

Teotihuacan inakupiga kwa ukubwa. Piramidi ya Jua ina urefu kama mita 65 na kila upande wa kitako chake ni zaidi ya mita 220, yaani ukisimama chini yake huoni mlima ulio nyuma. Piramidi ya Mwezi inafika kama mita 43 lakini imekaa mwisho wa barabara kuu, ile wanayoiita Barabara ya Wafu, kwa hiyo unaiona toka mbali inakusubiri. Barabara hiyo unaitembea zaidi ya kilomita mbili imenyooka kama imepigwa rula, na mji mzima uliufuata mstari wake, nyumba, vichochoro, mpaka mto waliuchepusha ufuate. Wakati mji umeshamiri, karne ya tano hivi, watu walikuwa zaidi ya laki moja, na majumba yote yalipigwa lipu ya chokaa na kupakwa rangi, nyekundu nyingi. Leo unaona mawe ya kijivu, inabidi uipake hiyo rangi mwenyewe kichwani.

Cantona ukifika huoni piramidi. Unaona kilima cha mawe meusi, mikonge (jamaa yao na mkonge wa Tanga, ambao nao asili yake ni Meksiko), mipungate, na mijusi inakimbia. Nilijiuliza ndo hii niliyosafiria? Halafu njia inaanza. Ni barabara ya mawe, imebanwa na kuta pande mbili, nyembamba, inapanda inakata kona, huoni mbele, na kila baada ya hatua chache kuna mlango wa kuingia kwenye kiwanja cha nyumba, na humo ndani walikuwa wakikaa familia na kufanya kazi zao. Unatembea hivyo nusu saa nzima na unaanza kuelewa kwamba hapa hakuna mtu aliyekuwa anajipitia tu. Ukiingia mji huu umeonekana, na mzigo wako umeonekana.

Mji umejengwa juu ya lava iliyoganda, na kuta zote ni jiwe juu ya jiwe bila chokaa, bila udongo, bila kitu chochote cha kushikia. Mimi nimekulia Pwani, magofu ninayoyajua ni ya matumbawe na chokaa, Kilwa, Kaole, Gede, kwa hiyo nilisimama pale nimeshika ukuta nikawa natafuta chokaa kwa vidole, sikuipata. Miaka zaidi ya elfu moja umesimama kwa kupangwa tu. Na hakuna kilicholingana, ngazi iko pembeni badala ya katikati, kiwanja kina upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na ni makusudi, ndo ujenzi wao ulivyokuwa. Ukitoka Teotihuacan yenye mistari ya rula ukaja hapa utadhani umebadilisha bara.

Kingine, viwanja vya mpira. Cantona vimepatikana angalau 24, ni vingi kuliko karibu mji wowote wa kale wa sehemu zile, ule mchezo wa mpira mzito wa utomvu unaopigwa kwa nyonga. Viwanja kadhaa vimepangwa mstari mmoja na piramidi na uwanja wa mikutano, yaani mchezo ulikuwa ibada na siasa pia. Teotihuacan wewe mgeni hutaona uwanja wa namna hiyo umesimama, utaona watu wakicheza kwenye michoro ya ukutani tu.

Biashara yenyewe

Hapa ndo penye raha kwangu na ndo sababu nimeandika yote haya, kwa hiyo nivumilieni nitarefusha.

Teotihuacan ilikuwa na obsidiani ya aina mbili, ya kijivu toka Otumba hapo jirani, na ya kijani toka milima ya Pachuca, kama kilomita 50 kaskazini mashariki. Hiyo ya kijani ni kama nembo, ukiipata mahali unajua imetoka wapi, na imepatikana mpaka miji ya Wamaya zaidi ya kilomita elfu moja toka hapo. Mwaka 378 watu wenye uhusiano na Teotihuacan waliingia Tikal, mji wa Wamaya huko Guatemala ya leo, mfalme wa Tikal akafa siku hiyohiyo na utawala mpya ukakaa. Yaani mkono wa mji huu ulikuwa mrefu hivyo, biashara na nguvu vikitembea pamoja.

Na wageni nao walihamia. Upande wa magharibi wa mji kuna mtaa unaitwa Tlailotlacan, walikaa watu wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kwa karne kadhaa, wakizika wafu wao kwa desturi ya kwao na kutengeneza vyungu vya kwao hata baada ya vizazi na vizazi. Upande wa mashariki kuna mtaa ambao wanaakiolojia wanauita Mtaa wa Wafanyabiashara, humo zimekutwa nyumba za mviringo, wakati mji mzima ni pembe nne, na vyungu vya pwani ya Ghuba ya Meksiko na vya Wamaya. Yeyote aliyewahi kupita Kariakoo au Eastleigh anaujua mji wa hivyo, kila kabila na kona yake na bidhaa yake. Shida ni kwamba mitaa hiyo siyo sehemu ya mzunguko wa watalii, ukiingia getini unapewa piramidi na barabara kuu, makao ya wakubwa. Mji wa mfanyabiashara wa kawaida huuoni kirahisi.

Ila kuna dawa, na wengi wanaikosa. Toka Piramidi ya Jua tembea kidogo upande wa mashariki mpaka Tepantitla, tiketi ileile, ni nyumba ya makazi yenye michoro ukutani, watu wadogowadogo wanaogelea, wanaimba (kuna alama kama mkia unatoka mdomoni, ndo maneno hayo), wanakimbiza vipepeo, wanacheza mpira kwa fimbo. Kuna na Tetitla upande wa pili. Watu wa kawaida wa Teotihuacan walikaa kwenye majengo ya namna hii, familia kadhaa kwenye jengo moja zikizunguka viwanja vya ndani, na majengo hayo yalikuwa kama 2,000. Na makumbusho iliyo kusini ya Piramidi ya Jua ina modeli ya mji mzima chini ya sakafu ya kioo, unatembea juu yake, anza hapo kabla ya kitu kingine. Mara ya kwanza nilitumia siku nzima kwenye barabara kuu, Tepantitla sikuijua hata jina, nikaenda mara ya pili kwa ajili yake tu na sijutii.

Cantona yenyewe ilikaa juu ya mali. Machimbo ya obsidiani ya Zaragoza na Oyameles yako jirani, kilomita chache tu, na ndani ya mji zimepatikana karakana nyingi za kukata jiwe, zingine zimekaa karibu na viwanja vya wakubwa, ishara kwamba serikali ilikuwa inaishika kazi hiyo mwenyewe. Na mji umekaa kwenye njia inayounganisha nyanda za juu na pwani ya Ghuba, pamba, kakao, chumvi, makombe, vyote vikipanda vinapita huko. Mwanaakiolojia Ángel García Cook, aliyeongoza uchimbaji pale tangu miaka ya 1990, aliona kwamba Cantona ilikuwa mshindani wa Teotihuacan na kuibana njia hiyo ni moja ya mambo yaliyoidhoofisha. Siyo wote wanaokubali uzito wa hoja hiyo. Lakini angalia tarehe: Teotihuacan ilichomwa moto katikati ya karne ya sita, kama mwaka 550, na moto ulipiga zaidi mahekalu na majumba ya wakubwa pembeni ya barabara kuu, halafu Cantona ndo inapanda, kilele chake ni kati ya mwaka 600 na 1000, ndo nayo ikaachwa karne ya kumi na moja. Mimi nikiwa nimesimama kwenye ile njia nyembamba yenye kuta nilimwamini García Cook, maana mji uliojengwa vile ni mji unaojua una kitu ambacho wengine wanakitaka.

Kilichochimbwa Cantona ni sehemu ndogo sana ya mji wote, na hiyo tu inakuchosha miguu.

Jua, miguu na mengineyo

Yote miwili iko juu, Teotihuacan kama mita 2,300 na Cantona kama 2,500, Nairobi haifiki 1,800 kwa hiyo hata Mnairobi atahema kidogo siku ya kwanza. Kivuli hakuna kote, kofia ya ukingo mpana siyo urembo. Mvua zao ni kuanzia Mei au Juni mpaka Oktoba na hupenda kuja mchana, kwa hiyo asubuhi ni salama hata kwenye masika yao.

Kupanda piramidi: Piramidi ya Jua watalii hawapandi tena tangu 2020, ya Mwezi walifungua sehemu ya chini 2025, uliza getini. Wengi wanakuja na picha ya zamani ya mtu amesimama kileleni halafu wanasikitika, bora ujue kabla. Cantona unapanda ngazi mpaka akropoli, yaani sehemu ya juu kabisa ya mji, na siku ya hewa safi unaona Pico de Orizaba ina theluji, mita 5,636, haijapishana sana na Kilimanjaro yetu. Hapo juu nilikaa dakika ishirini bila kumwona mtu.

Maana hiyo ndo tofauti kubwa nyingine. Teotihuacan inapokea watu zaidi ya milioni kwa mwaka, Jumapili Wameksiko wanaingia bure kwa hiyo ni kufurika, na tarehe 20 na 21 Machi ndo usiseme, maelfu wamevaa nyeupe wamekuja kupokea jua. Wauzaji nao wapo njia nzima na vile vifilimbi vinavyonguruma kama chui, watoto wanavipenda hadi basi. Nenda siku ya kazi, uwe getini wanapofungua. Cantona siku niliyokwenda tulikuwa mimi, dereva wangu na familia moja ya wenyeji. Maji na chakula beba toka mjini, ndani hakuna kitu, na maelezo yapo kwa Kihispania zaidi, mtembeza wageni wa Kiingereza usimtegemee.

Obsidiani za kununua zipo tele Teotihuacan, vinyago, visu, shanga. Kisu weka kwenye begi la kukabidhi, usiingie nacho kwenye ndege. Na Cantona utaviona vipande vya obsidiani chini kila mahali kama vigae, viache hapohapo, kwa sheria ya Meksiko kitu cha kale ni mali ya taifa, na kuokota kimoja ni kosa hata kama hakuna anayekuangalia.

Na kama yote miwili hayakufai

Kuna wa tatu, Xochicalco, jimbo la Morelos karibu na Cuernavaca, nautaja kwa ufupi. Ulishamiri kama mwaka 650 mpaka 900, nao ulikuwa na biashara ya masafa marefu, hekalu lake lina nyoka wa manyoya amechongwa na katikati ya mikunjo wamekaa watu kwa mtindo wa Kimaya. Na kuna pango lenye tundu juu ambalo jua linaingia siku 105 kwa mwaka, toka mwisho wa Aprili hadi katikati ya Agosti. Upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1999, Teotihuacan tangu 1987, Cantona haupo. Hakikisha upo wazi kabla ya kufunga safari.

Sasa nani aende wapi

Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, Teotihuacan, ila chagua geti. Ingilia geti namba 5 lililo nyuma ya Piramidi ya Jua, makumbusho na Tepantitla ziko upande huohuo, mzee anaona vya maana bila kuitembea barabara yote. Cantona usimpeleke, mawe yameachana na mahali pa kupumzikia ni pachache mno. Watoto wadogo pia Teotihuacan, vijana wanaopenda kupanda na kuchungulia Cantona itawafaa.

Ukiwa na siku mbili au tatu, fanya yote na uanze na Teotihuacan. Nasema hivyo kwa sababu ukiwa umeiona ile barabara pana iliyonyooka, iliyojengwa ili maelfu ya watu waione na waheshimu, ndo utaelewa kwa nini Cantona walijenga njia za kupita mtu na mzigo wake mmojammoja. Ukigeuza, Cantona itakuwa tu mawe meusi na mipungate. Toka Mexico City nenda Teotihuacan asubuhi, rudi, kesho yake shika basi la Puebla, ni kama masaa mawili, lala hapo, mpigie dereva usiku huohuo mkubaliane bei na muda wa kurudi, na saa kumi na mbili asubuhi muwe barabarani.